Piko Vidoleni, Bima Mbili Mezani

Jumamosi, mwezi wa saba. Manyunyu tangu alfajiri, jua halikutoka.

Naandika ili mwenye kuumwa apate moyo, ingawa shule niliiachia darasa la nane na huenda nikakosea mpango wa maneno.

Nilikuwa mzima. Binti wa kaka yangu aliolewa hapa Kibokoni, nami nikatiwa piko, ile rangi ya urembo, ncha zote kumi za vidole, nyeusi tii. Kesho yake kitovu kikaanza kuuma. Nikasema ni biriani ya harusi. Maumivu yakashuka upande wa kulia, nikatapika nyongo, mguu haunyooki.

Mamamkwe akanipeleka hospitali, daktari akanibonyeza tumbo. Alipoachia nikapiga ukelele. "Ni kidole tumbo. Kikipasuka, usaha utaenea. Apasuliwe leo leo."

Karani, binti wa bara, akatueleza: bima ya serikali hutoa fungu lake kwanza, kisha ile ya kampuni, ya kazini kwa mume wangu, hubeba linalobaki. Ya kwanza isipokubali, ya pili haisogei. Na ya kwanza yataka alama ya kidole.

Mashine ikakataa. Kidole cha pili, ikakataa. Vyote.

"Ni hii piko," karani akasema.

Mamamkwe akawaka. "Alikwenda harusini, mwanangu, hakwenda kuiba!"

"Najua, mama. Si mimi ninayekataa, ni mashine."

Alisema kweli. Alinisugua kwa spiriti kwa mikono yake, akajaribu tena. Wapi! Mara maumivu yakaacha ghafula. Nikadhani nimepona, nikasema alhamdulillahi. Daktari akageuka uso.

"Kimepasuka. Mleteni ndani. Alama mtazitafuta nyuma."

Mume wangu, ambaye bima zote mbili ziko kwa jina lake, alifika mbio kutoka bandarini, akaweka gumba lake, likapokewa. Mimi nimeshalazwa usingizi.

Walinisafisha tumbo, wakaniachia mrija wa usaha. Harufu ile sitaisahau. Leo mrija umetolewa.

Bima siwezi kuzilaumu sana. Kila moja ilitoa yake, na moja peke yake isingetosha. Mungu awalipe kheri daktari na yule binti. Nanyi dada zangu, ulizeni mapema ipi hutangulia, na mkitiwa piko acheni kidole kimoja kitupu.

Bi harusi amenicheka: "Shangazi, watu watasema piko ilikwisha!"

"Na waseme."

Jioni tumekula nyumbani wali wa nazi na mchuzi wa kamba, nami nikaomba ukoko.