Namba ya Marehemu Ombati

Nani alikudanganya kwamba mtu akifa, chai yake huacha kuota?

Phanice alilijua hilo tangu zamani. Kazi yake ilikuwa kujaribu programu katika ofisi yetu mjini Kisii, tulikotengeneza mfumo wa kupimia chai ya wakulima wa Ikonge. Yeye ndiye aliyetufundisha kupunguza upotevu. Alibandika orodha ukutani: kurasa zisizotumika, kungoja, kutembea bila sababu. Kila Jumatano alikwenda Ikonge, kwenye kituo cha kununulia chai, akasimama kando ya mizani, akamtazama karani akifanya kazi. Kwa sababu yake tuliondoa kurasa tisa ambazo karani hakuwahi kuzifungua.

Bosi wetu, Machogu, aliipenda dawa hiyo akainywa chupa nzima. Jumanne alitangaza kuwa wakulima waliokufa wafutwe: majina mia nne, mzigo mtupu.

"Bosi, hapana," Phanice alisema. "Kule Ikonge mume akifa, mjane huendelea kuuza chai kwa namba ya mkulima ya marehemu. Kuibadilisha ni kesi ya ukoo mzima. Mama yangu anauza kwa namba ya baba, na baba tumemzika miaka saba iliyopita."

"Kumbe unamlilia mamako?"

"Nawalilia wajane wote. Twende kesho ujionee."

Machogu alituangalia, kisha akaigonga ile orodha ukutani. "Kutembea bila sababu. Si ni mwandiko wako, madam? Basi tuanze na wewe. Chukua mkoba, ukamsalimie marehemu."

Ofisi nzima ilicheka. Aliyeambiwa abonyeze kitufe cha kufuta ni mimi. Nikabonyeza. Majina yalitoweka kabla Phanice hajafika mlangoni.

Asubuhi yake nilikwenda Ikonge. Nyakerario, mamake Phanice, alikuwa ametundika kikapu chake kwenye mizani. Phanice alisimama pembeni.

"Namba haipo, mama," karani alisema.

"Jana ilikuwepo."

"Leo haipo. Ombati hayupo."

"Najua hayupo! Si nilimzika mimi?"

"Shusha kikapu, mama. Lori linangoja."

Phanice alikishusha yeye. Aliniona, akanitazama kidogo tu, kisha akamshika mamake mkono. Nyuma yao Mong'ina, mjane mwingine, alikuwa tayari ananyanyua kikapu chake kuelekea kwenye ndoano, akimtajia karani namba ya mumewe kwa sauti kubwa.