Ukuta wa Msimu Mmoja

Wageni hushangaa wakiambiwa mto unaweza kukaa bila maji. Wetu, huku nyuma ya mji wa Tawa, ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Mvua ikinyesha vilimani, kila bonde humwaga maji yake, vijito hukutana, na kwa saa chache mto unanguruma hadi humsikii aliye kando yako. Kesho yake maji yameshapita. Yameingia mto Athi, nao Athi unashuka nayo hadi baharini. Sisi tunabaki kuchimba mchanga, tukitafuta yale yaliyojificha chini.

Mke wangu alichimba miaka yote ya ndoa yetu. Kiangazi kikikaza, alienda na punda hadi visima vya mbali, akarudi jua likiwa utosini. Magoti yakaanza kumsumbua. Binti yetu anayeishi Malili, ambaye ana mfereji wa maji mlangoni, akawa anamwita akakae naye. Mke wangu akaniambia waziwazi kwamba kiangazi kingine kama kile hakitamkuta hapa. Niliogopa sana, na mimi si mtu wa kukiri woga.

Wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha majirani wanaolimiana na kujengeana. Tulikubaliana kujenga bwawa la mchanga: ukuta wa mawe na simiti unaokatiza mto juu ya mwamba, mchanga ujae nyuma yake, na maji yakae ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Mama mmoja mzee, aliyewahi kujenga mengine matatu, alisema tuuinue kidogo kidogo, futi mbili hivi kila msimu, kwa misimu minne. Mke wangu, aliyebeba mawe mengi kuliko yeyote, alimuunga mkono. Nikawaambia wanawake wanaionea simiti huruma. Fundi yupo, mawe yapo, misimu minne tungojee nini? Sikuwaambia kwamba mimi nilikuwa na msimu mmoja tu. Nikaamuru ukuta wote upande, nao wakanitii kwa sababu ya cheo.

Mvua za Novemba zikaja. Tulisimama ukingoni tukipiga makofi, ziwa zima limejaa nyuma ya ukuta wangu. Kumbe ndiyo hasara yenyewe. Mchanga ni mzito, huanguka mapema. Tope ni jepesi, husafiri. Ukuta ukiwa mfupi, tope huruka juu yake likaenda zake na mchanga ukabaki. Wangu ulikuwa mrefu, maji yakatulia, tope likapata nafasi ya kulala. Kufika Agosti tulichimba tukakuta udongo mweusi unaonata kwenye jembe, usiotoa maji hata kikombe.

Hakuna aliyenicheka. Afadhali wangenicheka. Kikundi kilichagua mwenyekiti mwingine, kikaenda kujenga kwingine. Mke wangu alifunga nguo zake, akaniachia mahindi na pojo za kutosha, akasimama mlangoni.

“Mzee, si mto unaonifukuza,” alisema. “Ungenisikiliza mara moja tu, ningengoja hiyo misimu minne.”

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi nyumba ndiyo iliyovunjika. Nilikuwa napika isyo, yale mahindi na pojo ya kuchemsha, ya watu wawili kwa mazoea, nikaila siku tatu. Redio niliifungua asubuhi ili tu pawe na mtu anaongea.

Mwishowe nilimeza kiburi nikamwendea yule mama mzee. Akaniambia nibomoe ukuta hadi futi mbili, mafuriko yatalifagia tope. Niligonga kwa nyundo kiangazi chote, peke yangu, nikiutukana ukuta na aliyeujenga. Mvua zikaja, tope likaenda, mchanga wa kwanza ukabaki. Msimu uliofuata nikaongeza kidogo, na mwingine, na mwingine. Misimu minne ile ile niliyoikataa. Sasa ukichimba kina cha mkono unapata maji maangavu. Majirani huja kuteka, hunisalimia vizuri, hujaza mitungi yao na kurudi kwao. Mimi mtungi mmoja hunitosha siku mbili.

Mwezi uliopita nilimpigia simu mke wangu, akaja. Nilimpeleka mtoni. Aliinama kwa shida, akafukua, akangoja maji yatulie, akanywa kwa kiganja.

“Matamu,” akasema.

Nikangoja aseme lingine. Aliketi juu ya ukuta akiyasugua magoti, akanisimulia kuhusu wajukuu, kanisa lao la kule, kuku wa binti yetu. Aliongea kwa furaha, na furaha ile yote ilikuwa ya Malili. Kisha akaniuliza gari la mwisho hutoka Tawa saa ngapi.

Ulimi uliniwasha. Ningesema saa kumi na moja angeachwa, na usiku huo angelala hapa nyumbani kwake. Nikamwambia saa kumi, nikabeba mkoba wake, tukaanza kupanda ukingo kuelekea barabarani.