Leo Neema amenisubiri mimi

Leo tumetoka sokoni Kashaulili mpaka nyumbani Misunkumilo, na sijambeba Neema mgongoni hata hatua moja.

Mwanangu ana miaka sita. Misuli yake inashindwa kugeuza chakula kuwa nguvu, akitembea kidogo tu miguu inagoma.

Daktari alimwanzishia kirutubisho cha maji, kijiko asubuhi na jioni. Huu ni mwezi wa pili.

Tulipofika kwenye mlima nikainama kama kawaida, kitenge mkononi.

"Haya, panda."

Akanipita.

Kule juu akageuka. "Mama, pumzika kidogo. Nakusubiri."

Jamani, hayo ni maneno yangu ya kila siku kwake.

Nikakaa chini kweli.

Nyie mliokuwa mnamwita mvivu, karibuni mumsalimie. Ila mje kwa miguu.