Alhamisi ya Udi

Udi ukichomwa mahali, wenzangu hufumba macho wakavuta pumzi. Hukumbuka harusi na Idi, na mama zao waliojipamba. Mimi hutafuta mlango. Juzi tu nilikuwa kwenye maulidi kwa jirani, chetezo kikapitishwa kwa wanawake, kila mmoja akakiingiza chini ya buibui lake kwa raha zake, na kilipofika kwangu nikakisukuma kwa aliyefuata kana kwamba kimeniunguza. Mama mmoja akaniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina mimba. Nikacheka tu, maana kueleza kungemaliza maulidi. Lakini nyinyi nitawaeleza.

Tulikaa kwa bibi yetu, Bibi Maryam, mzaa baba, nje kidogo ya mji wa Wete. Baba alikuwa akifanya kazi Unguja, akija nyumbani mara moja moja. Nyumbani tulikuwa Bibi, Mama, mimi, mdogo wangu Sule, na paka dume mwenye mkia uliopinda nchani. Tulimwita Karani, kwa sababu alikuwa akikagua. Ukipika alikagua chungu, mgeni akija alikagua viatu vyake, na Bibi alipotandika mswala wake Karani alikuwa ameshaulalia. Bibi alisali akiwa amebakishiwa nafasi ya kuweka paji la uso tu, na hata siku moja hakumfukuza.

Sule alipoanza kubanwa na kifua, Mama na Bibi walimpeleka hospitali, nami nikafuata nyuma. Daktari alimsikiliza mgongo, akasema ni pumu, akauliza kama nyumbani kuna paka. Yupo, Mama akajibu. Basi, daktari akasema, paka atoke, au kama hamuwezi kumtoa, nyumba isafishwe kila siku, vumbi na manyoya visimkaribie mtoto, na moshi pia.

"Paka hatoki," Bibi alisema tulipofika njiani. "Nyumba itasafika."

Bibi hakujua kuandika na hakuhitaji. Kufika nyumbani alikuwa ameshaipanga wiki nzima kichwani, akaanza kutugawia. Ufagio wa chelewa ukapigwa marufuku ndani kwa kuwa unarusha vumbi, na sakafu ikawa ya kufutwa kwa kitambaa kibichi kila asubuhi kabla Sule hajashusha miguu. Mikeka ilitolewa juani Jumamosi ikapigwa kwa fimbo. Mashuka na foronya za Sule zilichemshwa katikati ya wiki, kwenye sufuria ile kubwa inayotoka siku za shughuli tu. Karani akatandikiwa gunia barazani, akakatazwa chumba cha Sule, na kazi ya kumchana manyoya kwa chanuo kuukuu nikapewa mimi nikishatoka chuo cha Kurani, uani, huku akinitazama kama mtu anayedai kuonana na mkubwa wangu. Na kwa kuwa daktari alitaja moshi, Bibi aling'oa mafiga ya jikoni kwa mikono yake akayahamishia nje, nyuma ya banda la kuku. Alipika kwenye mvua, mwavuli umefungwa kwenye mti, wala hakulalamika.

Alhamisi ndiyo ilikuwa kilele. Nyumba nzima ilioshwa kwa magadi na ndimu, miswala ikatundikwa kwenye kamba, na baada ya alasiri, kuupokea usiku wa Ijumaa, Bibi alifunga madirisha na milango akafukiza. Makaa ya vifuu, udi, ubani, na makonyo makavu ya karafuu juu yake. Alipita chumba kwa chumba akisoma kwa sauti ndogo, na sisi tukikaa ndani humo humo, maana baraka haifungiwi nje. Chumba cha Sule kilikuwa cha mwisho na alikaa humo kuliko vyote. "Usafi ni katika imani," alikuwa akituambia, na kwake nyumba isiyofukizwa ilikuwa imeoshwa nusu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Siku nyingine zote Sule alikuwa mzima. Alikimbizana na wenzake kondeni, akarudi na magoti yenye michubuko. Lakini Alhamisi ikifika, jua likiegemea mikarafuu, ugonjwa ulikuja. Haukukosea siku. Ukiwa mtoto unajua kwamba homa huja inapotaka. Huu ulikuwa na miadi.

Na Karani alijua. Hili ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Bibi alipoanza kuvunja makaa uani, ngo, ngo, paka yule alisimama, akaondoka barazani, akapanda ukuta wa nje na kukaa kulielekea dirisha la Sule lililofungwa. Hakulia. Alitazama tu. Kupitia ufa wa ubao niliyaona macho yake, nami nikajiuliza anamuona nani humu ndani ambaye mimi simuoni. Mlango ulipofunguliwa aliingia mbio, akavunja amri zote za Bibi, akaruka kitandani na kulaza sikio kwenye kifua cha Sule. Sule wakati huo anazungumza, anacheka, hana kitu. Karani anasikiliza. Halafu, kabla udi haujaisha kutoka chumbani, na mimi nikaisikia: filimbi nyembamba, ya mbali, kama kuna mtu anapuliza chupa tupu nyuma ya nyumba. Ilitoka ndani ya mdogo wangu.

Shangazi Zuwena, dada yake baba, alikuja akayaona haya kwa macho yake. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na mapenzi makubwa, na siku ile sauti ilimpotea. Alimwondoa Karani kifuani kwa ncha ya kanga.

"Ntoto huyu hana pumu," alisema. "Pumu haijui siku. Huyu ana ntu, na ntu mwenyewe anapandia kwa paka."

"Zuwena, weye kunaona nini?" Bibi akamuuliza.

"Naona unachokiona weye, mama. Kikulacho ki nguoni mwako."

Alhamisi iliyofuata udi uliongezwa ili jini huyo atoke, na ukaongezwa tena ile iliyofuata. Kadiri kifua kilivyobana ndivyo chetezo kilivyojazwa. Mama alikuwa mkwe, na mkwe hamwambii mama mkwe kwamba dua zake hazifiki. Nilimuona tu akikunja ncha ya mtandio wake na kuikunjua.

Sule naye akaanza kuniuliza kila akiamka, "Dada, leo siku gani?" Nilimwambia Jumatano. Nilimwambia Jumapili. Alikuwa mdogo, siku hazijui, lakini alijifunza kutazama kamba. Akiiona miswala imetundikwa, alikwenda kukaa pembeni, mikono mapajani, akangoja. Mtoto wa umri ule hangoji kitu kwa utulivu vile. Mpaka leo nikikumbuka namna alivyokaa, moyo huniuma.

Ikaamuliwa Karani aende. Alichukuliwa na Bwana Faki, muuza samaki wa kisiwa cha Fundo aliyekuwa akitupitishia changu na tasi, akamtia ndani ya pakacha lililofungwa kwa kamba ya usumba. Shangazi alitaka avuke maji, asije akarudi. Bibi alisimama mlangoni mpaka Bwana Faki akapotea, kisha akaingia ndani akaupiga mswala wake kofi moja, akautandika, akasali akiwa na nafasi yote.

Alhamisi ile nyumba ilioshwa kuliko siku yoyote. Kila unyoya wa Karani ulitafutwa. Kisha Bibi akamketisha Sule kwenye kibao, akaweka chetezo miguuni pake, akamfunika yeye na chetezo kwa shuka nene, ili atoke aliyebaki. Shangazi akashika pindo moja, Bibi akashika jingine, wote wakisoma. Mimi nilikuwa ukutani, mkono juu ya mdomo. Moshi ulipenya kwenye shuka kila mahali, shuka likawa linapumua: linapanda, linashuka. Filimbi ikaanza. Ikapanda. Mara hii haikuwa mbali. Nikatazama dirishani kwenye ufa, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu ukutani.

Halafu filimbi ikanyamaza.

"Katoka," Shangazi akasema kwa pumzi. "Alhamdulillahi, katoka."

Mama yangu, ambaye hakuwahi kupita mbele ya mama mkwe wake bila kuinama, alilivuta shuka likaruka, chetezo kikapinduka, makaa yakatawanyika juu ya sakafu iliyooshwa. Midomo ya Sule ilikuwa rangi ya zambarau. Alimbeba begani akatoka miguu mitupu, akipiga kelele kwa jirani mwenye pikipiki.

Alipona. Walimwekea hewa na dawa, na mimi nilipofika na Bibi, Sule alikuwa amelala ameegemezwa mito, kifua kinapiga lakini kinapiga kwa hewa. Bibi alikuwa amevaa buibui lake lile lile. Akamuinamia ambusu. Sule akageuza uso, akakohoa, na filimbi ikaanza taratibu. Bibi akarudi nyuma. Filimbi ikafifia. Akamuinamia tena, polepole sana, kama mtu anayejaribu mguu kwenye maji asiyoyajua. Sule akakohoa tena.

Bibi aliinua ncha ya buibui lake akainusa. Kisha akatoka, na aliporudi alikuwa amejitanda kanga iliyochuja, ya kuazima kwa mama aliyemuuguza mwanawe kitanda cha pili. Mavazi yake mwenyewe yalikuwa yamefungwa furushi nje, chini ya mti. Nilidhani yameloa mvua. Mvua haikunyesha siku ile.

Tuliporudi nyumbani, kazi za usafi ziliendelea zote, magadi na ndimu, mashuka kuchemshwa, kitambaa kibichi. Alhamisi jioni tu ndiyo iliyobadilika: badala ya kufunga madirisha, Bibi aliyafungua. Bwana Faki aliagizwa amrudishe Karani, akamrudisha amenenepa na ana kiburi cha kisiwani. Chetezo Bibi alikisugua kwa jivu, akakiweka barazani kando ya gunia, kikawa cha paka kunywea maji.

Shangazi alikuja, akakiona, akalia. Alisema mama yake kasalimu amri, yule ntu kashinda na sasa ndiye anayeitawala nyumba. Bibi alimtilia chai. Hakujitetea kwa neno hata moja, na mimi nikaamini maneno ya Shangazi. Sule alikuwa akipona, ndiyo, lakini kwangu mimi hiyo ilikuwa bei ya mapatano yasiyosemwa. Kwa miaka, kila Alhamisi jua likielekea mikarafuuni, nilikaa mbali na ule ufa wa dirisha.

Nilikuja kusoma baadaye kuhusu pumu, na nilielewa habari ya moshi kama mtu yeyote angeelewa. Daktari alishasema. Ila kwetu moshi ulikuwa wa kuni. Udi haukuwa moshi, udi ulikuwa usafi wenyewe, na hakuna aliyewaza kwamba mafiga yalihamishwa nyuma ya banda huku moto mwingine ukiletwa kitandani. Hayo niliyaelewa. Ya Bibi sikuyaelewa. Nilidhani aliacha kwa kushindwa, au kwa uchovu wa uzee.

Mwaka juzi alifariki. Wanawake tulijaa chumbani kumwosha, sanda ikaletwa, na Shangazi Zuwena, mzee sasa, akaja na makaa. Mama akamzuia mlangoni, kwa adabu yake ile ile.

"Bibi kaniusia," alisema. "Sanda yake ikafukiziwe nje, nyuma ya banda la kuku, upepo ukielekea kondeni. Ipigwe upepo ndipo iletwe ndani."

"Kwa nini, wifi? Maiti hata udi anyimwe?"

"Alisema, Sule ndiye atakayenibeba."

Shangazi alisimama na makaa yake, akamtazama mama yake aliyelala, kisha akageuka akatoka uani bila kuuliza tena. Nilimsikia huko nje akilia. Na mimi, mtu mzima mwenye watoto, ndipo nilipojua kwamba pale hospitali, na ncha ya buibui puani, Bibi alikuwa ameshaelewa kila kitu, na alikaa nacho peke yake miaka yote ile, akamwachia binti yake amwite aliyeshindwa, kwa sababu kujitetea kungekuwa kumwambia Zuwena: tulikuwa wawili tulioshika lile shuka.

Wanaume waliingia. Sule alishika jeneza mbele, bega la kulia. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo nilibaki dirishani, lile lile, sikio kwenye ufa. Walipotoka aliinua sauti kuongoza shahada, sauti nene iliyojaa, na nikaisikiliza ikipita bandani, ikipita kondeni, ikiingia mikarafuuni, mpaka ikaisha kwa umbali. Ilikuwa Alhamisi, na pumzi yake haikukatika.