Damu Niliyomficha Mkwe Wangu

Vijana mtakaosoma haya, someni bila kucheka. Nitataja choo, na nitakitaja zaidi ya mara moja.

Nilikuwa mwanamke wa kazi. Nililima mpunga Magu miaka mingi, kitanda cha hospitali sikukijua. Kisha nikaanza kupata choo chenye damu. Nikasema ni bawasiri. Nikachemsha mizizi, nikanywa mwaka mzima. Nikakonda mpaka sketi nikawa naifunga kwa kamba.

Mume wa binti yangu ni tabibu, na tunakaa mtaa mmoja hapa Buhongwa. Lakini kwetu Wasukuma mama hamtajii mkwe wake mambo ya makalio. Nikaona heri nife na heshima yangu. Ujinga huo ulikuwa wangu, msiuchukue.

Siku nilipoanguka jikoni, ni yeye aliyeninyanyua. Akaiona kanga yangu imelowa damu.

"Usinitazame, baba," nikamwambia.

"Mama, aibu tutaona baadaye. Damu hii ilianza lini?"

Hospitalini walinipitishia kamera kwa nyuma. Wakakuta vinyama vingi kwenye utumbo mpana, na kimoja kimeshakuwa saratani. Wakakata kipande cha utumbo. Zikafuata dripu za dawa kali. Kucha zikawa nyeusi, nikatapika hata maji. Nimepona. Namshukuru Mungu, na mkwe wangu pia. Ukiona damu chooni, sema siku hiyo hiyo.

Daktari wa pale hospitalini alikuwa amepeleka damu yangu kupimwa mbali. Majibu yaliporudi akasema, "Bibi, hata hewa unayovuta huacha kama kutu kwenye vinasaba, yale maelekezo ya mwili uliyorithi. Kuna protini ya kurekebisha makosa ya kutu hiyo. Yako haifanyi kazi. Umerithi kasoro kwa baba na kwa mama, ingawa wao hawakuugua."

"Na ndugu zangu?"

"Waje wapitishiwe kamera. Vinyama vikitolewa mapema, haviwi saratani."

Mdogo wangu Masanja, baba mmoja mama mmoja, ninaishi naye. Akagoma. "Dada, mimi ni ng'ombe wa mnada, nichunguliwe nyuma?"

"Ng'ombe wa mnada hukaguliwa akiwa hai. Wewe unangoja ufe?"

Akauliza aende lini. Nikaiita nyumba yote. "Leo Masanja asipewe ugali. Atakunywa dawa ya kusafisha tumbo, na choo ni chake peke yake. Asubuhi mkwe wangu anampeleka, nami nitakaa mlangoni mpaka atoke."