Chai Iliyoteremka Hadi Ziwani

Aibu hii nilijitafutia mwenyewe, kwa hivyo nichekeni tu. Binti yangu Nyambura anasomea maziwa ya kule ncha ya kaskazini ya dunia (ya maji, si ya kunywa), na siku hiyo alikuwa anazungumza chuoni kwao mbele ya walimu, nao ndio wangeamua kama ataendelea na masomo. Nilitoka moja kwa moja kazini, kwa mzee ninayemtunza mtaa wa Bladensburg hapa Marekani, macho mazito, na mlangoni nikaambiwa vinywaji haviruhusiwi. Nikaficha thamosi ya chai ndani ya koti.

Ukumbi ulikuwa wa ngazi, unateremka hadi kwa msemaji. Nikaketi juu kabisa, nikapiga funda moja, nikaiweka thamosi sakafuni bila kukaza kifuniko. Taa zikazimwa. Nyambura akaeleza polepole jinsi barafu ya zamani ilivyotambaa ikikwangua mawe na kuacha mabonde, na dunia ilipopata joto maji yakashuka yakalala humo, na tope la chini, tabaka juu ya tabaka, bado linaonyesha miaka ya baridi na miaka ya joto. Picha zilizomulikwa ukutani zilikuwa za samawati, kimya kabisa, sauti ya mwanangu ikanibeba, nikawa nimesimama ukingoni mwa ziwa lisilo na mtu, nikisikia barafu ikiyeyuka na maji yakitiririka taratibu, nikafurahi kweli.

Kumbe ni thamosi, nimeipiga teke usingizini.

Chai ilikuwa inashuka ngazi kwa ngazi chini ya viti vya watu na heshima zao, na mimi, badala ya kutulia, nikavua kitambaa cha kichwa nikaifuata kwa magoti nikipangusa, mpaka nikafika mbele, nikainuka, na kivuli cha kichwa changu (nywele hazijasukwa) kikaziba ziwa lote ukutani. Chai ilikuwa imetuama miguuni pa Nyambura.

Akaniangalia, akaangalia lile dimbwi. "Mum, usipanguse," akasema kwa upole, kisha akawageukia walimu akawaeleza kwa Kiingereza kwamba hata kule ni hivyo hivyo, maji hukaa pale ardhi ilipoinama. Akaendelea, viatu vikiwa ndani ya chai.

Walimpitisha. Kwenye treni ya kurudi nyumbani Wheaton alinilalia begani, akaniambia soksi zake zinanukia tangawizi. Nimeapa siku ya kuhitimu nitakuja mikono mitupu, tena nitaketi safu ya mbele kabisa, ambako hata nikimwaga kitu, hakina pa kuteremkia.