Vya Maana Vinakaa D

Baba alikataa katakata nisiende kununua kompyuta peke yangu. "Mjini kuna watu wanauza punda kwa bei ya ng'ombe," alisema, akavaa koti lake la kanisani, tukaongozana mpaka duka la kompyuta za mtumba hapa Arusha. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kule Makumira, nasomea sanaa na filamu, na nilichotaka ni mashine ya mezani ya kuchorea katuni. Laptop yenye nguvu hizo, bei yake unaiamkia shikamoo na kupita. Kwa hiyo mpango ulikuwa kupata boksi la zamani lililotoka ofisini, kulifungua, kuongeza RAM, kisha kutia diski mpya na kadi ya picha iliyotumika. Ndivyo tunavyofanya wenye pochi nyembamba.

Baba ni mfugaji, kwetu ni magharibi ya Mlima Meru, na kwake kununua kitu kilichotumika kuna utaratibu mmoja tu, ule wa mnadani. Alilizunguka kila boksi. Akalipiga ubavuni kwa kiganja, akainama, akanusa nyuma pale feni inapotolea joto.

"Huyu alikuwa wa nani?"

"Wa ofisi, mzee wangu," muuzaji akajibu.

"Na kwa nini wamemuuza? Mnyama mzima hauzwi bila sababu."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Boksi nililolipenda mimi alilikataa eti linanuka kuungua, kumbe harufu ilitoka kwenye chuma cha kulehemea kilichokuwa kinafuka moshi pale pale mezani. Akachagua zito kuliko yote, akalibeba begani mpaka chumbani kwangu mtaa wa Levolosi, njia nzima anajisifu kwa jicho lake. Uzito wenyewe ulikuwa bati nene la kizamani tu. Lakini lilifaa, na sikumkatisha raha yake.

Tulilifunga pamoja. Alinishikia tochi ya simu nikapachika RAM ya kwanza, ya pili nikamwachia aisukume mwenyewe mpaka ilie tak. Ikalia. "Amekubali," akasema, na tulipowasha na skrini ikaja, akapiga makofi kama mtoto.

Filamu yangu ya kumalizia chuo ilikuwa katuni ya ndama aliyekataa kuvuka mto, hadithi aliyonisimulia yeye tangu sijaota meno yote. Nikataka sauti iwe yake. Tukaziba dirisha kwa blanketi, nikachomeka maiki ya bei rahisi kwenye kompyuta, akaanza. Alisimulia kwa Kiswahili, ng'ombe wakiongea anaingia Kimaa, lugha yetu Wamasai, na katikati akapiga ule mluzi wake wa kuita mifugo jioni. Alicheka kabla ya kufika kwenye kichekesho, kama kawaida yake. Halafu akakohoa.

"Hicho kikohozi ukifute," akaniambia.

Nikamwambia nitakifuta baadaye, tukaendelea. Kikohozi chenyewe hakikuisha, si wiki ile wala mwezi uliofuata. Hospitali Moshi wakasema ni saratani ya koromeo, na kwamba ili aishi, itabidi koromeo litoke lote. Baba alisikiliza kwa heshima, kofia mapajani. Alipoelezwa kwamba hataongea tena, alitikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza swali moja.

"Na mluzi?"

Daktari aliangalia meza. "Hapana, mzee. Pumzi itakuwa inapita shingoni."

Nililia chooni pale hospitali mpaka mtu akanigongea mlango.

Siku za kusubiri upasuaji alikaa kwangu, na kila alasiri alikuwa anajisikiliza. Mambo ya kuingia kwenye mafolda yalimshinda, kwa hiyo nikaihamisha ile rekodi kutoka nilikokuwa nimeihifadhi, nikaiweka peke yake kwenye uso wa skrini, na mahali pa jina nikaweka picha ya ng'ombe wake jike mwenye baka kwenye paji la uso. Baba anabonyeza ng'ombe mara mbili, ng'ombe anaongea. "Sidai," anasema, yaani safi kabisa. Siku moja akaniambia, "Nikirudi, huyu ndiye atakuwa msemaji wangu. Mimi nitatikisa kichwa tu." Akacheka sana. Mimi nilijifanya natafuta waya chini ya meza.

Sasa, hapa mjini kila mwenye kompyuta anaijua sheria ya mafundi. Diski imegawanywa sehemu mbili, C na D. C ni ya kompyuta yenyewe, D ni ya kwako. Mashine ikisumbua kwa lolote lile, fundi anapiga window, maana yake anaifuta C yote na kuweka Windows upya. Haulizi. Hata ukimpelekea kitufe kilicholegea, wee, atapiga window. Ndiyo maana tunaambiana vya maana vinakaa D, na mimi mwenyewe nimewahubiria hayo wenzangu chuoni. Kazi zangu zote zilikaa D. Ila kinachowekwa kwenye uso wa skrini, hicho kinakaa C.

Kompyuta ilianza kuchemka na kujizima siku naondoka kumpeleka baba kwenye upasuaji. Nikaiacha kwa fundi wa mtaani. Nikamwambia asafishe feni, basi.

Niliporudi kubadilisha nguo, baba yuko wodini na tundu shingoni, nikapitia kuichukua. Fundi alinipokea kwa tabasamu pana. "Pole na mgonjwa, dada. Feni nimesafisha, na nimekupigia na window mpya kabisa, hiyo zawadi yangu. Sasa hivi inakimbia hatari!"

Nikaiwasha pale pale. Skrini ilikuja haraka kweli, safi, na ng'ombe hayupo.

Nilimtukana yule kaka. Nilimtukana kwa Kiswahili, kilipoisha nikahamia Kimaa, matusi mengine hata maana yake siijui vizuri, niliyasikia tu kwa wachungaji wa ng'ombe utotoni. Watu wakasimama nje kuangalia. Yeye akaweka bisibisi chini. "Lakini dada," akasema polepole, "vya maana si vinakaa D?"

Na D ilikuwa nzima, jamani. Ndama alikuwepo, mto upo, kila mchoro upo. Mdomo wa ndama unafunguka na kujifunga, bubu. Tuliweka programu za kurudisha vilivyofutwa, moja baada ya nyingine. Fundi aliacha kazi nyingine zote, hata kula hakula. Yakarudi majina tu. Unabonyeza jina, kimya. Kwenye simu nako hakuna kitu, maana baba hakuwa mtu wa kutuma sauti WhatsApp, yeye alipiga, akasema lake, akakata. Nilikaa kwenye benchi la fundi mpaka hasira ikaisha. Ilipoisha ndipo ilipouma hasa, kwa sababu huzuni haina hata mtu wa kumtukana.

Baba aliporuhusiwa alikuja tena kwangu, ili awe karibu na kliniki ya kusafishia kidonda. Ilikuwa alasiri ya mvua. Alikaa kwenye stuli yake mbele ya kompyuta, kitambaa cheupe kimefunika tundu la shingo, akaifuta skrini kwa mkono wa koti. Kisha akanigeukia, akanyanyua kidole na kubonyeza hewani mara mbili.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia ukweli. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote njia nzima kutoka Moshi.

"Umeme hakuna, baba," nikasema.

Na taa inawaka juu ya vichwa vyetu. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, taa naiwasha kutwa, na hata hilo nilikuwa nimelisahau. Baba akainua macho, akaitazama taa. Akanitazama mimi. Nikamwona anaelewa, ikamwingia usoni kidogo kidogo mpaka yote. Nilimsubiri akasirike. Laiti angekasirika.

Aliinuka, mkono mmoja umeshikilia kitambaa cha shingoni, akaenda mpaka ukutani, akaizima taa. Kisha akarudi, akakaa kando yangu kitandani, akanishika mkono, tukatulia kwenye giza la mvua kama watu wanaosubiri umeme urudi.